WinError 6 kwenye programu ya dirisha: CREATE_NO_WINDOW, DETACHED_PROCESS au STARTUPINFO?

kodi_usiku: Programu ya tkinter (maktaba ya madirisha ya Python) inaita ffmpeg (programu ya kuchakata video) kupitia subprocess.Popen, yenye stdout=PIPE na stderr=PIPE tu (matokeo na makosa yake huja kwa paipu). Kwa python.exe haina shida. Ikifungashwa kuwa exe kwa PyInstaller na --noconsole (bila dirisha la amri), mara inaleta WinError 6 (kishikio, yaani handle, si halali), mara inakubali lakini dirisha jeusi linatokea na kupotea. Nichague ipi kati ya hizo tatu?

Mzee_wa_Paipu: Hayo ni matatizo mawili, na hizo tatu zote zinatibu la dirisha tu. WinError 6 chanzo chake ni stdin, mkondo wa ingizo. Ukielekeza hata mkondo mmoja, Python hulazimika kuandaa yote mitatu, na ule ulioacha huuchukua kwa mzazi, yaani programu iliyoita. Programu ya dirisha haina konsoli (dirisha la amri): kishikio cha mkondo kikiwa tupu, Python huweka paipu badala yake, kikiwa namba isiyo hai, DuplicateHandle (wito wa Windows wa kukinakili) hukataa. Ndiyo maana kosa linategemea programu imewashwa kutoka wapi. Jaza yote (DEVNULL ni mkondo mtupu):

`Popen(amri, stdin=DEVNULL, stdout=PIPE, stderr=STDOUT, creationflags=CREATE_NO_WINDOW)`

Jina CREATE_NO_WINDOW limo kwenye subprocess tangu Python 3.7. Toleo la chini ya hapo, andika 0x08000000. Kwa ffmpeg ongeza -nostdin, maana huwa inasikiliza kibodi.

dirisha_jeusi: DETACHED_PROCESS si mbaya lakini ina mtego. Mtoto (programu iliyoitwa, hapa ffmpeg) anakosa konsoli kabisa, kwa hiyo akiita programu nyingine ya konsoli, mjukuu anafungua ya kwake na dirisha linarudi palepale. CREATE_NO_WINDOW humpa mtoto konsoli isiyoonekana, na mjukuu anairithi. Usizichanganye: ukiweka zote mbili, CREATE_NO_WINDOW inapuuzwa.

kodi_usiku: Na STARTUPINFO yenye SW_HIDE (agizo la kuficha dirisha)?

dirisha_jeusi: Kwa ffmpeg itafaa. Ila mtoto akiwa mwenyewe ni programu ya dirisha, huenda dirisha lake nalo likafichwa, ubaki unamtafuta kwenye Task Manager. CREATE_NO_WINDOW haimgusi mtoto wa aina hiyo.

Mzee_wa_Paipu: Kuna kingine kitakachokuja baada ya hapo. ffmpeg huandika maelezo yake kwenye stderr. Ukiita wait() bila kusoma, bafa (hifadhi ya muda) ya paipu inajaa na ffmpeg inasimama kimya, bila kosa lolote. Tumia communicate(), au soma mstari kwa mstari kwenye uzi (thread) mwingine ili tkinter isigande.

bandika_exe: Kama unaita [sys.executable, "kazi.py"], acha. Ndani ya exe, sys.executable ni exe yenyewe, kwa hiyo unafungua programu yako upya. Kwa multiprocessing (maktaba ya kuendesha michakato kadhaa kwa pamoja), weka freeze_support() mwanzoni kabisa chini ya `if __name__ == "__main__":`, la sivyo madirisha yatazaana.

Pia sys.stdout hapo ni None. print() hunyamaza tu, lakini sys.stdout.write() huangusha programu kwa AttributeError. Peleka logging kwenye faili ndani ya %LOCALAPPDATA%, na jaribu kwa pythonw.exe (Python isiyo na konsoli) kabla ya kufungasha. Sehemu kubwa ya makosa haya utayaona hapo, bila kungoja PyInstaller imalize.

kodi_usiku: stdin=DEVNULL imeondoa WinError 6, CREATE_NO_WINDOW imeondoa dirisha. Kweli wait() ilikuwa inaganda kwenye video ndefu, nimehamia communicate().