"Wabadilishieni lugha, wazungumze Kiswahili"

Wa Michenzani
Jamani, yule bwana wa kununulia televisheni vipindi, nyote mnamjua, kaikataa ile tamthilia ya majaribio ya vijana wa Ng'ambo, hapa Unguja mjini. Kukataa, sawa. Lakini kaangalia dakika nne, kagandisha picha mama yuko mlangoni na kanga yake, katamka: "Wabadilishieni lugha, wazungumze Kiswahili."

Kiswahili! Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hicho wanachosomea taarifa ya habari kimetoka vichochoroni hapa! Leo mama anasema "mwanangu, skuoni siku nyingi", eti abadilishiwe lugha. Dakika nne! Hata maji ya chai hayajachemka.

Fundi Bumu
Sauti ndiyo iliyoua. Maikrofoni imefichwa ndani ya kanga, mama kila akigeuka ni mkwaruzo. Ibandikwe kwa plasta ya pande mbili, waya uachiwe kitanzi kidogo chini yake. Na sauti ya jumla wameiweka -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), ya YouTube. Vituo vinavyofuata kipimo cha Ulaya vinataka -23. Ushusheni muziki chini ya maneno kwanza, kisha jumla. Mkishusha jumla peke yake, maneno yanabaki yamezama kwenye fidla vile vile.

Wa Michenzani
Sauti mbovu angesema sauti mbovu. Kasema KISWAHILI.

Kibandamaiti
Wewe na 1928 yako! Kazi ina dakika 31. Nafasi ya nusu saa yataka kama 24, zilobaki za matangazo. Na dakika mbili za mwanzo ni jahazi na machweo. Jahazi muuzieni mtalii, mnunuzi wa vipindi anataka ugomvi uanze.

Bi Mkubwa
Na yule bibi wa Makunduchi anasema Kikae, lahaja ya huko kwao, hata Darajani mjini hawamfahamu. Wekeni maandishi chini, mistari miwili, herufi zisizozidi 42 kila mstari.

Wa Michenzani
Bibi hajatokea hizo dakika nne! Kamgandisha mama!

Karafuu ya Wete
Waunguja leo mnalia? Kwenye tamthilia zenu Mpemba ni mwenye duka bahili au mganga. Kikae mnakiwekea maandishi, Kipemba mnakiwekea kicheko.

Kibandamaiti
Hapo kweli.

Bi Mkubwa
Fundi, hiyo plasta ya pande mbili yapatikana wapi?

Fundi Bumu
Waulize wauza mawigi. Ile ya kubandikia wigi kwenye ngozi.