Valproeti au levetirasetamu kwa mwenye uvimbe wa ubongo: habari ya kuamsha jeni ina uzito gani?

Mchungulia_Darubini
Wakuu, salaam. Kaka yangu ana glioblastoma, uvimbe mkali wa saratani ya ubongo, na anapata degedege. Daktari kampa levetirasetamu, dawa ya kuzuia degedege. Nimesoma kwamba valproeti hutuliza degedege na papo hapo huubana uvimbe kwa njia ya epijenetiki, yaani kuwasha au kuzima jeni bila kubadili DNA yenyewe. Kwa nini asipewe hiyo yenye faida mbili?

Kimengenya
Pole sana mkuu. Madai hayo yana msingi. DNA imeviringwa kwenye protini ziitwazo histoni. Histoni zikibandikwa asetili (alama ndogo ya kikemikali), uzi hulegea na jeni zinasomeka. Vimeng'enya vya HDAC huibandua, uzi unakaza, jeni zinanyamaza, zikiwemo zile za kuzuia seli isigawanyike ovyo. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kuwa valproeti huzuia HDAC. Maabara, seli za glioma (jamii ya uvimbe wa ubongo iliyo na glioblastoma) zikiwekewa dawa hiyo hupunguza kasi ya kugawanyika, na mionzi huziumiza zaidi.

Shida ni dozi. Kwa kifafa, kiwango kinacholengwa kwenye damu ni miligramu 50 hadi 100 kwa lita, yaani takriban milimoli 0.35 hadi 0.7. Majaribio mengi ya maabara huanzia milimoli 1. Tena ndani ya damu karibu asilimia 90 ya dawa imeshikwa na albumini, protini ya damu, kwa hiyo inayobaki huru kuingia ubongoni ni kidogo. Mimi hapo ndipo ninapoanza kusita.

Bi_Takwimu
Na kwa wagonjwa wenyewe matumaini yalipanda kisha yakashuka. Mwaka 2011 data za jaribio kubwa la temozolomaidi, dawa ya kemo ya uvimbe huu, zilichambuliwa upya, na waliokuwa kwenye valproeti walionekana kunufaika zaidi na tiba. Lakini waliotumia valproeti bila dawa nyingine ya kifafa walikuwa 97 tu, na hakuna aliyepangiwa kwa kura. Mwaka 2016 yakaunganishwa majaribio manne yenye wagonjwa 1,869: si valproeti wala levetirasetamu iliyorefusha maisha.

Jongoo_Mtini
Dada, mbona umeruka utafiti wa 2015? Wagonjwa 37, valproeti ya dozi kubwa pamoja na mionzi na temozolomaidi, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 29.6! Kwa tiba ya kawaida ni kama miezi 15.

Bi_Takwimu
Sijauruka kwa hila, kaka. Haukuwa na kundi la kulinganisha, na wanaokubaliwa kwenye majaribio ya namna hiyo mara nyingi wana nguvu kuliko wagonjwa wa kawaida. Unatosha kuanzisha jaribio lingine, hautoshi kumbadilishia mtu dawa.

DawaNaDozi
Niongee kama mfamasia. Valproeti inaweza kushusha chembe sahani (za kugandisha damu), na temozolomaidi nayo hushusha. Zikishuka mno, kemo inasimamishwa au upasuaji unaahirishwa. Kuna pia ini, kutetemeka mikono, kunenepa, na kwa mwanamke anayeweza kushika mimba hatari kwa mtoto ni kubwa. Levetirasetamu hutoka zaidi kwa figo na haigombani na kemo. Ubaya wake uko kwenye hasira na huzuni. Fenitoini na kabamazepini, dawa nyingine za kifafa, ndizo ningeziweka mwisho, kwa sababu huchochea ini kuziunguza haraka dawa nyingine, ikiwemo deksamethasoni ya kupunguza uvimbe wa maji ubongoni.

Kimengenya
Mkuu, kama unataka epijenetiki yenye uzito wodini, ulizia kipimo cha MGMT. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokarabati madhara ya temozolomaidi kwenye DNA ya uvimbe. Ikiwa swichi yake imezimwa kwa methili (alama nyingine ya kikemikali), kemo hufanya kazi vizuri zaidi. Levetirasetamu nayo imewahi kuonekana maabara ikipunguza MGMT, ila nakurudisha kwenye zile namba za 2016.

Mchungulia_Darubini
Ahsanteni wote, kipimo cha MGMT nitakiulizia. DawaNaDozi, umetaja hasira. Kaka siku hizi anafoka kwa jambo dogo, alikuwa mpole sana. Tuisimamishe kwanza?

DawaNaDozi
Hapana, msiikate ghafla, degedege inaweza kurudi kwa kishindo. Mpigieni daktari leo, mweleze mabadiliko hayo na siku yalipoanza, maana uvimbe wenyewe na deksamethasoni pia huleta hasira. Akiona ni dawa, anaweza kupunguza dozi au kumhamishia polepole kwenye dawa nyingine ya degedege kama lakosamidi au brivarasetamu. Akianza kusema anataka kujidhuru, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.