Naomba ushauri: mshono wa pazia la studio unaonekana kwenye picha

Wakuu, habari za kazi. Nina studio ndogo ya picha hapa Sinza, Dar es Salaam, chumba cha mita 4 kwa 5, na badala ya kununua mapazia ya nyuma yaliyo tayari nimeamua kujitengenezea. Nilinunua kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, Kariakoo, upana wa mita 1.5, fundi cherehani akaniunganishia vipande viwili, kisha nikaipaka rangi ya maji ya ukutani niliyoizimua sana, nikiigusisha kwa sponji ili madoa ya kijivu yafifie kuelekea pembeni.

Rangi imekaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kinachonisumbua ni mshono, ambao umepita wima katikati kabisa, na taa ya pembeni ikiwaka unajichora kama kovu nyuma ya kichwa cha mteja. Tena pazia nimelitundika kwenye bomba la plastiki la inchi 1 lililoshikwa na kulabu mbili tu, nalo limebonyea katikati, hivyo kitambaa kinafanya mawimbi ambayo hata pasi haiyaondoi.

Je, mshono ukilazwa mlalo, chini ya usawa wa kiuno, utajificha, au nitafute kitambaa kipana kisicho na kiungo? Bomba la chuma litafaa, ikizingatiwa kwamba mwenye nyumba hapendi ukuta wake utobolewe ovyo? Aliyewahi kuhifadhi pazia lililopakwa rangi bila rangi kupasuka kwenye mikunjo, naomba pia anieleze kama alilikunja au alilizungushia kwenye bomba.