Tupeane uzoefu: Ulipohamia Nairobi kutafuta kazi, mtoto wako mdogo alilelewa na nani?

Mama wa Mukuru (mwanzisha mada)

Wazazi wenzangu, naomba tuzungumze kuhusu watoto wetu wa chini ya miaka 4, sisi tuliotoka kijijini kuja kutafuta riziki mjini.

Nilitoka Kitui mwaka 2016 nikiwa na mtoto wa miezi 5 mgongoni, nikapanga chumba cha mabati Mukuru kwa Njenga, kwa kuwa kutoka hapo mtu hutembea kwa miguu hadi viwandani na kuokoa nauli. Nyumbani hakuna aliyeuliza nani atabaki na mtoto, maana nyanya yake alikuwepo, shangazi zake walikuwepo, na hata nilipokwenda kuteka maji alibaki mikononi mwa watu waliomjua. Mjini sikulijua hata jina la jirani wa mlango wa pili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili, lakini inamfaa aliyeandikwa. Sisi tuliosimama langoni mwa kiwanda saa kumi na mbili asubuhi tukingoja kuchaguliwa hatukuwa na barua yoyote ya kazi.

Nilimpeleka kwenye kituo cha malezi, hivi ambavyo mtaani tunaviita beibi kea. Kilikuwa chumba kimoja, ada shilingi 50 kwa siku, watoto 19 na mlezi mmoja. Baada ya majuma machache niliona mtoto analala mno, hata jioni nikimnyonyesha anasinzia, na jirani akanieleza kwamba watoto pale hunyweshwa dawa ya mafua ili watulie. Nilimwondoa kimyakimya. Ninachojutia hadi leo ni kwamba sikuwaambia wazazi wa wale wengine 18.

Tafadhali tuelezane: ulimwacha kwa nani, ulilipa kiasi gani, na ni jambo gani uliligundua ukiwa umechelewa?

Baba wa Mathare

Mke wangu hufua nguo Eastleigh, nami ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtoto wetu alipofika mwaka mmoja na miezi 3 tulimrudisha kwa mama yangu Siaya, tukiamini kwamba tumemchagulia lililo bora, na kwa upande wa chakula na usalama nadhani ndivyo ilivyokuwa. Tulipomchukua akiwa na miaka 4 ili aanze chekechea, aliniamkia kama mgeni, na usiku alimlilia bibi yake kwa muda wa mwezi mzima. Tulikuwa tumesahau pia kumpa mama kile kijitabu cha kliniki, kwa hiyo chanjo ya pili ya surua, ambayo hutolewa katika miezi 18, ilikuwa imempita. Anayempeleka mtoto kijijini asikiache kijitabu hicho mjini.

Dada kutoka Uvira, Kongo, sasa Kayole

Kwetu shida ilikuwa lugha na karatasi. Nilidhani Kiswahili kitatusaidia, kwa kuwa nyumbani tunakizungumza, lakini mwanangu aliingia darasa ambamo mwalimu alitumia Kiingereza tangu salamu hadi wimbo, akakaa karibu majuma sita bila kutamka neno shuleni, hata nikaulizwa kama anasikia vizuri. Nilimwomba mwalimu amsalimu kwa Kiswahili kila asubuhi, naye kwa hisani yake akakubali. Mtoto akaanza kujibu, kisha akaanza kuuliza. Kuhusu cheti cha kuzaliwa, nilizungushwa muda mrefu. Namshauri mkimbizi mwenzangu amwandikishe mtoto mapema, mara tu anapozaliwa, asingoje siku ya kudaiwa cheti shuleni.

Mlezi wa watoto, Kawangware

Mama wa Mukuru, pole sana. Kumpa mtoto dawa ili asinzie ni kosa, wala sitalitetea. Naomba tu niwaonyeshe hesabu ya kazi hii, kwa sababu wengi hutulaumu bila kuijua.

Ninapokea watoto 12 kwa shilingi 70 kila mmoja. Mzazi asipopata kibarua halipi, nami siwezi kumrudisha mtoto mlangoni, kwa hiyo siku ya kawaida hulipiwa watoto 8, yaani shilingi 560. Msaidizi wangu huchukua 250, uji na makaa 120, maji 40. Hubaki 150, na kodi ya chumba, ukiigawa kwa siku 26 za kazi, ni kama 135. Ninachopata kwa kutwa nzima ni shilingi 15, na hapo sijanunua sabuni. Ndiyo maana aliye peke yake hujaza watoto 19, kisha akashindwa kuwatuliza.

Mhudumu wa afya ya jamii ndiye aliyenifundisha kuhamishia jiko nje kwa ajili ya moshi, kuandika jina la kila anayemchukua mtoto, na kuzungumza na mtoto mchanga ninapombadilisha nepi, jambo ambalo awali niliona halina maana kwa asiyejua kusema. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Kwa maoni yangu, kaunti ikinilipia msaidizi huyo mmoja tu, itakuwa imewasaidia watoto kuliko ikinifungia mlango.

Mzazi anayetafuta kituo asiridhike na ukuta uliopakwa rangi. Afike saa nane mchana bila kutoa taarifa, ahesabu watoto na watu wazima, na atazame kama kuna mtoto hata mmoja aliye macho akicheza.

Mama wa Mukuru

Mama mlezi, nimeisoma hesabu yako mara mbili. Nilimhukumu yule mlezi wangu bila kujua kwamba huenda shilingi 50 zangu hazikutosha hata uji wa mtoto. Kituo chake bado kipo, katika njia ninayopita kila siku. Kesho saa nane nitaingia, nihesabu watoto, na safari hii nitazungumza naye.