Kozi za podikasti za laki na ushee: mnauza nini hasa?

Wakuu, hii biashara imezidi. Kila ukifungua simu unakutana na tangazo: "Jifunze podikasti siku tatu, cheti kipo." Ukiomba orodha ya masomo, nusu ni kujiamini na kujenga jina. Sauti yenyewe imetengewa kipindi kimoja, nacho ni orodha ya vifaa vya kununua.

Kwanza mnauza masomo yaliyochacha. Bado kuna kozi zinazofundisha kufungua akaunti ya Anchor, huduma ya kupandisha podikasti mtandaoni. Spotify waliinunua 2019, wakaibadilisha jina 2023, wakalibadilisha tena 2024, sasa inaitwa Spotify for Creators. Wengine wanaelekeza watu Google Podcasts, huduma iliyofungwa 2024! Kabla hujalipa, uliza somo la usambazaji lilirekodiwa lini. Muuzaji akianza kuzunguka, achana naye.

Maiki nayo. Anayemshauri anayeanza anunue Shure SM7B bila kumwambia kwamba inataka gain (kukuzwa kwa sauti) ya karibu desibeli 60 anapigia debe duka tu. Ukiichomeka kwenye saundi kadi ya bei ya chini utafungua gain mpaka mwisho na kupata mvumo. Mwingine anasifia kondensa, maiki yenye usikivu mkali, kwa mtu mwenye chumba cha vigae, feni juu na bodaboda dirishani. Kondensa itazoa vyote hivyo. Chumba kama hicho kinataka maiki ya dainamiki, isiyo na usikivu mkali hivyo, sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, imekaa upande kidogo ili pumzi ya P na B isiipige, na godoro au mablanketi mazito nyuma yako. Sauti ikipanda sana iishie kati ya -12 na -6 dB.

Sasa lile linalokera kuliko yote: kiwango cha sauti cha mwisho. Apple wameandika wazi, bure, kwamba podikasti wanaitaka -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani, jinsi sikio linavyoisikia), ikipungua au kuzidi iwe kwa 1 tu, na kilele kisivuke -1 dB. Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ina Loudness Normalization ya kuweka kiwango hicho, lakini inakuja imewekwa -23, kiwango cha redio na televisheni za Ulaya. Mwanafunzi kaonyeshwa abonyeze tu, anabonyeza. Kipindi kinatoka desibeli 7 chini ya inavyotakiwa, na aliyeko kwenye daladala haambulii kitu. Kama faili ni mono (chaneli moja), kile kisanduku cha kuihesabu mono kama chaneli mbili kiachwe na tiki. Ukiitoa, -16 yako itasikika juu kwa desibeli 3. Kozi ngapi zinagusa hilo?

Hata mpangilio wa kazi wanaukosea. Wanapandisha sauti kwanza, kompresa (ya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) baadaye, halafu wanashangaa kipimo kimehama na kelele ya feni imepanda. Anza kupunguza kelele, kwa kiasi, maana ukikaza sana mtu anaongea kama yuko ndani ya ndoo. Kisha kata masafa ya chini ya Hz 80, yaani mingurumo mizito, kisha kompresa, LUFS mwisho kabisa. Mazungumzo ya nusu saa, MP3 ya mono kwa kbps 96 (kiasi cha data kwa sekunde), ni kama MB 22; kwa 320 ni MB 72. Bando analilipa msikilizaji, jamani.

Ile habari ya "sekunde 30 za wimbo ni bure", kwamba unaweza kuziweka kwenye kipindi bila ruhusa ya mwenye wimbo, ni uongo mtupu. Na mlioko Tanzania wenye vipindi vya habari na matukio, someni Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 na marekebisho yake, yakiwemo ya 2022, kabla hamjapandisha chochote. Suala la leseni limo humo, ila kwenye kozi hulioni.

Mwongozo wa Audacity ni bure. Tovuti za mafunzo za Marekani, NPR Training na Transom, ni bure pia, zimeandikwa na watu wa redio, ingawa ni Kiingereza. Kitu pekee cha kulipia ni mtu wa kusikiliza faili lako na kukuonyesha dakika kwa dakika ulipoharibu. Kwa hiyo swali ni moja: nitakabidhi kazi ngapi, na nani atazisikiliza? Kundi la Telegram lenye watu mia tano halihesabiki.

Wauzaji mliomo humu, wekeni hapa orodha za masomo na mwaka mliorekodi. Wa "njoo PM" asijisumbue.