Naomba ushauri: kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, Kivule

Habari za wakati huu wakuu. Mtaani kwetu Kivule, Dar es Salaam, nyumba zinaota kila kukicha, lakini pa kumwacha mtoto wa chini ya miaka mitatu hakuna. Shule za chekechea zipo, ila hawapokei wanaovaa nepi. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84. Zikiisha, mama anarudi kazini na mtoto hata kukaa hajui. Jirani yangu anauza nguo Kariakoo, anatoka saa kumi na moja alfajiri, mwanawe anabaki na dada wa kazi ambaye naye ni mtoto. Inaniuma sana.

Nina nyumba ya vyumba vitatu, uzio na maji ya kisima. Nataka nifungue kituo, nianze na watoto wachache, nifungue mapema kabla daladala hazijajaa. Najua Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kisajiliwe, na pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii.

Waliopitia njia hii, ukaguzi unaangalia nini hasa: vyoo, jiko, au elimu ya walezi? Mlezi mmoja anamudu wachanga wangapi bila kuchoka? Ada nitoze kwa siku au kwa mwezi? Maana mama ntilie na muuza mboga hawana mshahara, na hao ndio nisingependa kuwaacha nje.

Wazazi nanyi semeni, mngependa kituo kiweje?