"Kama unaogopa kitanda, usizae": huyu muuza vitanda vya watoto amevuka mpaka

Randa na Msumeno:

Wakuu, simtaji. Sina haja ya kumtaja, mnamjua wote. Yule wa vitanda vya watoto vya kontena, mwenye kofia ya njano, anayenadi kitanda kwa sauti ya kumwamsha aliyelala mtaa wa saba.

Video yake ya jana usiku mmeiona? Mama wa watu kauliza kwa adabu kabisa: "Kaka, huu ubavu wa kushuka si ndio walisema una hatari?" Jibu la bwana yule: "Kama unaogopa kitanda, usizae."

Usizae!

Halafu akachukua tai ya plastiki, ile ya kufungia nyaya za umeme, akaizungusha kwenye nguzo na ubavu, pale juu, akavuta mkia wake KWA MENO, akakata, akatema kipande pembeni, akasema: "Haya, umepona." Kwa meno, wakuu. Kitanda cha kumlaza kichanga, kimekaguliwa kwa meno.

Niwaeleze kosa liko wapi. Ubavu wa kushuka, ule unaoshushwa na kupandishwa, hautengenezwi kama ubavu uliopigwa bolti. Unatembea kwenye mifereji au fimbo za chuma za nguzo mbili, na kinachoushika ni vishikizo vidogo, mara nyingi vya plastiki, viwili juu na viwili chini. Plastiki ile inachoka. Kila ukishusha ubavu na kuupandisha, inasagika kidogo. Kila kitanda kikifunguliwa na kufungwa upya, inapata ufa. Sasa piga hesabu ya kitanda kilichotumika miaka, kikavunjwa, kikarundikwa kwenye kontena kavukavu, kikaja kuunganishwa na kijana asiye na karatasi ya maelekezo.

Kishikizo cha chini kikiachia, kwa juu huoni kitu. Ubavu umesimama, umenyooka, unapendeza. Mtoto anajiviringisha usiku, uzito wake unasukuma chini, kati ya godoro na ubavu panafunguka. Anateleza pale, kifua kinabanwa, uso unalalia godoro. Halii, kwa sababu hana pumzi ya kulilia.

Na yule bwana amefunga JUU. Tai yake imegeuka bawaba: juu inashika, chini kunafunguka kama mlango wa banda la kuku. Afadhali angeacha, walau mzazi angeona ubavu umelegea.

Marekani walipiga marufuku kuuza vitanda hivi, vipya na vilivyotumika, tangu 28 Juni 2011. Hoteli na vituo vya kulelea watoto wakapewa hadi Desemba 2012 viwe vimeondoka. Na yeye mwenyewe kwenye video anatamba "mzigo wa Marekani huu, original"! Mzigo usioruhusiwa kuuzwa kwao, unatuuzia sisi, na tukiuliza tunaambiwa tusizae.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. KWA MENO!

Kipanga wa Bonde:

Nimeingia nikidhani kuna mtu kapigwa. Kumbe tai ya plastiki. Mkuu kunywa maji kwanza.

Kontena Futi 40:

Huu ni wivu wa seremala, tuseme ukweli. Vitanda vya mtumba vinawaua soko. Hao Wamarekani unaowataja, viwanda vyao vyenyewe viligawa bure vifaa vya kufunga ubavu usishuke. Sasa yeye akifunga kuna ubaya gani? Video nimeiona, kachangamsha genge tu.

Randa na Msumeno:

Mkuu Kontena, umegusa jambo la kweli ukaliacha katikati. Viligawa, ndiyo. Vilikuwa vya modeli yake, vinashika ubavu juu na chini, na vilipewa mtu ambaye tayari anacho kitanda nyumbani. Tume yao ya usalama wa bidhaa, CPSC, ilisema wazi kwamba hata ukikifunga hivyo, kitanda hakitimizi kiwango kipya na hakiuzwi. Novemba 2009 vilitangazwa virudishwe vitanda vya kampuni ya Stork Craft zaidi ya milioni 2.1, Marekani na Canada, kwa kasoro hiihii ya vishikizo vya plastiki. Watoto 4 walikuwa wamekosa hewa. Hapo hakuna genge la kuchangamsha.

Anayetaka kukagua afanye hivi. Tafuta lebo ya mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Mara nyingi iko ubao wa kichwani au chini ya kitako, ule ubao unaobeba godoro. Haipo au imebanduliwa? Achana nacho. Ubavu unashuka? Achana nacho, usiendelee kukagua. Kama pande zote nne zimetulia, piga magoti, shika fito karibu na chini, sukuma kwa nje kwa nguvu ya mkono mmoja. Kisha shika nguzo mbili za pembeni, tikisa kwa mshazari. Ukisikia kelele, kuna bolti iliyokula tundu. Skrubu ya mbao ikishafunguliwa mara mbili tatu, haishiki tena hata ukaze mpaka mkono ufe ganzi. Inatakiwa bolti iingie kwenye nati ya chuma. Mwisho sukuma kitako kutoka chini kwenda juu, kona moja moja. Kikichomoka kwenye ndoano, mtoto akirukaruka nacho kitachomoka.

Yule bwana hata kutikisa hakutikisa. Alitumia meno.

Nesi wa Zamu:

Randa, meno tumeyasikia. Mimi sina shida na tai, nina shida na godoro, na hapo mnanyamaza wote wawili.

Kitanda cha Marekani ndani kina sentimita 71 kwa 133. Godoro la vipimo vya Uingereza ni 60 kwa 120, au 70 kwa 140. Mzazi ananunua kitanda cha Marekani na godoro la vipimo vya Uingereza. Weka la 60 kwa 120 ndani ya 71 kwa 133: umebaki na mfereji wa sentimita 11 ubavuni na 13 miguuni. Kichwa cha kichanga kinaingia humo. La 140 haliingii kabisa, kwa hiyo linakatwa kwa kisu cha mkate, linakaa limevimba katikati na pembe zimeinuka. Kipimo cha kawaida ni vidole viwili kati ya godoro na ubavu, ukiwa umelisukumia upande wa pili. Vidole vitatu vikiingia, godoro si la kitanda hicho, na msijaze pengo kwa kanga zilizokunjwa. Liwe gumu pia. Ukiondoa kiganja, alama ya mkono isibaki.

Halafu kuna ile mito ya pembeni iliyoshonwa maua, inayofungwa kwenye fito. Marekani sheria ya kuipiga marufuku ilisainiwa Mei 2022, pamoja na vitanda vya kulaza vichanga vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Huku ni zawadi ya arobaini! Mtoto alazwe chali, shuka moja iliyobana godoro, basi. Mto hapana, mdoli hapana, blanketi la manyoya hapana.

Mama Pacha:

Asante nesi. Na mimi malalamiko yangu ni kwa NYIE maseremala, Randa ukiwemo. Mnamsema mtu wa mtumba wakati nyie fito mnazipanga kwa jicho. Pengo moja vidole vitatu, la pili kiganja kizima. Nguzo mnazichonga vichwa vya nanasi, eti urembo. Nguo ya mtoto inanasa pale akisimama, ananing'inia. Vanishi haijakauka mnasema "itanukia siku mbili tu". Na misumari! Kitanda cha mtoto kimepigwa misumari kama kreti la nyanya.

Kipanga wa Bonde:

Randa kapatikana 😂 Fungua uzi wa kujilalamikia.

Randa na Msumeno:

Mama Pacha, mimi fito sipangi kwa jicho na sitakubali kubebeshwa. Ila fundi anayesoma hapa achukue vipimo. Pengo kati ya fito na fito Marekani lisizidi sentimita 6 tangu miaka ya 1970. Ulaya ni kuanzia sentimita 4.5 hadi 6.5. Kopo la soda la mililita 330 lisipite. Sababu yake si kichwa kuingia. Mtoto hutanguliza miguu: miguu inapita, nyonga inapita, kichwa kinakwama, mwili unaning'inia nje. Kata kipande cha mbao cha sentimita 5.5, kiwe ndiyo rula yako, usogeze fito hadi fito.

Nguzo zikatwe ziwe sawa na ubavu. Kinachoruhusiwa kuchomoza ni milimita 1.5 tu, kwa hiyo nanasi likae kwenye kabati. Kitako kikiwa pale chini kabisa, juu ya ubavu kuwe na sentimita 66 kwenda juu. Kishushe akianza kujiinua kwa mikono, kishushe mpaka mwisho kabla hajaweza kusimama. Akifika urefu wa sentimita 89 kitanda hicho si chake tena, atavuka.

Na rangi muulize muuzaji kuhusu madini ya risasi, Marekani kikomo ni sehemu 90 kwa milioni. Watoto wanatafuna ubavu. WANATAFUNA, kama yule bwana alivyotafuna tai yake.

Bint wa Barabara ya 12:

Na neti? Mbona hamgusi neti? Kamba ya neti inafungwa kwenye fito, mkia unaachwa unaning'inia mpaka kwenye godoro. Kamba yoyote inayomfikia mtoto inaweza kumzunguka shingo. Neti ifungwe darini, iwe pana, ichomekwe chini ya godoro pande zote na ibane, isilegee kiasi cha kumfunika uso. Zile za mwavuli zinazosimama juu ya godoro, mtoto akishajua kujigeuza anaziangusha.

Kontena Futi 40:

Basi kila kitu ni hatari. Tuwalaze wapi, hewani?

Nesi wa Zamu:

Mkuu, godoro gumu chini sakafuni, mbali na ukuta na pazia, ni salama kuliko kitanda kilichofungwa tai. Na usidhani kitanda kikishatangazwa kasoro kinatoweka. Playskool Travel-Lite, kile cha kukunja, kilitangazwa kirudishwe mwaka 1993. Mei 1998, huko Chicago, Danny Keysar wa miezi 16 alilazwa kwenye kimoja nyumbani kwa mlezi. Ubavu ukakunjika kama herufi V, ukambana shingo. Miaka mitano baada ya tangazo kitanda kilikuwa bado kinatumika, kwa sababu aliyekuwa nacho hakuambiwa. Ndiyo maana sheria yao ya 2008 ikataka kila bidhaa kama hiyo iwe na kadi ya usajili, kiwanda kimjue mnunuzi. Cha mtumba kadi hiyo haipo tena. Kwa hiyo soma jina la modeli na namba kwenye lebo, tafuta kwenye tovuti ya CPSC kabla hujatoa hela.

Randa na Msumeno:

Hilo ndilo nililotaka kusema. Yule bwana kwenye video lebo ameiziba kwa stika ya namba yake ya simu! Rudini dakika ya pili mwone, kabla hajafika kwenye meno.

Mama Pacha:

Mmeanza na vitanda, semeni na vile vigari vya kujifunzia kutembea, vya magurudumu. Canada walivipiga marufuku kabisa Aprili 2004. Kuuza hapana, kutangaza hapana, kuingiza hapana. Huku viko kila duka la vyombo.

Bint wa Barabara ya 12:

Mama Pacha hapo umenena. Mtoto akiwa humo anakimbia mita nzima kabla mama hajageuka. Ngazi, jiko la mkaa, sufuria ya uji, vyote anavifikia. Na havimfundishi kutembea, anasukuma kwa ncha za vidole.

Kipanga wa Bonde:

Watu wote tumetembea na vigari na tuko hapa.

Nesi wa Zamu:

Kipanga, walioanguka nacho kwenye ngazi hawawezi kuja kukujibu hapa. Ukiwa nacho, vua magurudumu yote kwanza ndipo ukitupe, la sivyo jirani atakiokota.

Randa na Msumeno:

Wakuu turudi kwenye mada. Yule mama aliambiwa USIZAE. Hakuna aliyemjibu mpaka sasa.

Bint wa Barabara ya 12:

Nesi, kile cha kukaa bila magurudumu, kinachozunguka hapohapo, nacho vipi? Mtoto akae humo dakika ngapi?